Kuchora nako ni masomo? Kutoka Hangar ya Elisabethville mpaka lisansi ya Beaux-Arts

Katika nyumba nyingi za Congo, kijana akishapita Exetat, wazazi wanakaa naye kuzungumza masomo ya juu. Sheria inakubaliwa. Uganga unakubaliwa, hata kama pesa hazipo. Ujenzi, uchumi, kompyuta, yote yanasikilizwa. Lakini kijana akisema anataka kwenda Beaux-Arts, baba anauliza mara mbili kama amesikia vizuri. Kuchora, anasema mzee, ni kipaji cha Mungu, kwa nini kulipia minervali miaka mitano?

Swali hilo si la leo. Wakoloni waliligombania kabla ya uhuru, walimu wakaligombania baada yake, na katika historia yake kuna watu waliofundisha bila kuwa na karatasi yoyote, na wengine waliopata karatasi wakakosa wanunuzi. Sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita hapa Katanga.

Mtu wa kwanza kukumbukwa hakuingia shule ya sanaa hata siku moja. Mnamo 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, aliona huko Bukama nyumba za udongo zenye picha ukutani. Mwenye kuzichora alikuwa Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu. Mke wake, Antoinette, alichora pia. Mvua ikinyesha, picha za ukutani zinakwisha, kwa hiyo Thiry akawapa karatasi na rangi za maji. Karatasi hizo zilisafiri mpaka Ulaya, na mwaka 1929 watu wa Brussels wakaziangalia katika maonyesho. Wakati huohuo, upande wa Kasai, fundi cherehani aliyeitwa Djilatendo naye alikuwa anachorea wazungu hao hao. Wakubwa wa Ulaya walifurahi sana. Lakini wachoraji wenyewe walibaki kwao vijijini, na katika miaka ya 1930 furaha ile ilipopoa, habari zao zikapotea. Hakuna aliyefikiri kwamba Lubaki angeweza kupewa mahali pa kufundisha wengine. Alikuwa kitu cha kuonyeshwa.

Miaka 20 baadaye, Elisabethville, ambayo tangu 1966 inaitwa Lubumbashi, ilikuwa mji mkubwa wa shaba, wenye kambi za wafanyakazi wa Union Minière na wazungu wengi. Hapo mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa mwanajeshi zamani, alifungua karakana ya uchoraji ambayo watu waliiita Hangar, yaani banda. Jina lake rasmi lilikuwa kubwa zaidi, akademia ya sanaa ya wenyeji, lakini neno Hangar ndilo lililobaki.

Ndani ya banda lile hapakuwa na darasa la kwanza wala la mwisho. Romain-Desfossés hakutaka kuwafundisha wanafunzi wake namna ya Ulaya ya kuchora mwili wa mtu, au kuonyesha umbali kwa mistari inayokutana. Aliona kwamba Mwafrika akipewa masomo hayo ataharibika na kuwa mwigaji. Kazi ya mwalimu, kwa maoni yake, ni kumpa mtu rangi na nafasi, kumpeleka porini na mtoni aangalie wanyama na samaki, halafu kumwacha.

Na waliachwa kweli, na kila mmoja akatoka na mkono wake. Bela, Msara aliyetokea upande wa Chad na ambaye alikuwa mtumishi wa Romain-Desfossés, alichora kwa ncha za vidole vyake badala ya brashi. Pilipili Mulongoy alijaza karatasi nzima kwa ndege, samaki, nyoka na majani, mpaka pasibaki mahali patupu. Mwenze Kibwanga, mtoto wa mfumaji, alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi mifupi iliyolala upande upande, utafikiri kitambaa kinafumwa mbele ya macho. Anayejua kazi za watatu hawa hawezi kuzichanganya, hata akiona kipande kidogo tu. Kwa shule isiyofundisha, hayo si matunda ya kuchekwa.

Lakini kuna upande mwingine wa habari. Mtu anayesema "usimfundishe, utamharibu" anamlinda mwanafunzi, na papo hapo anamfungia mlango. Mzungu aliyechora katika mji uleule angeweza kwenda Brussels au Paris kusoma, kisha akachagua mwenyewe atupe nini na abaki na nini. Mtu wa Hangar hakuwa na uchaguzi huo. Alitakiwa abaki vile alivyo, na mwenye kuamua alivyo alikuwa mwalimu. Picha ziliuzwa kwa wazungu kwa sababu ziliitwa safi, zisizoguswa na Ulaya, ingawa karatasi, rangi, banda na soko lenyewe, vyote vilitoka mikononi mwa wazungu.

Mwaka 1951, katika mji huohuo, Mbelgiji Laurent Moonens akafungua shule ya namna nyingine, Akademia ya Beaux-Arts. Hii ilikuwa shule kweli, yenye walimu, masomo na ratiba. Kwa muda mfupi Elisabethville ikawa na njia mbili zinazopingana, moja inasema acha, nyingine inasema fundisha. Romain-Desfossés akafariki mwaka 1954, na banda lake likamezwa na akademia. Na hapo likatokea jambo ambalo halisemwi vya kutosha: Pilipili, Bela na Mwenze, watu ambao hawakuwahi kufanya mtihani wa sanaa, wakawa walimu ndani ya akademia. Waliingia bila diploma, wakafundisha vijana waliokuja kutafuta diploma.

Mmoja wa vijana waliopita katika shule hiyo miaka ile alikuwa Mode Muntu, aliyezaliwa mwaka 1940. Picha zake zimejaa watu wembamba, weusi kama vivuli, wameshikana na kupangwa kama maandishi. Baadaye alifanya kazi katika makumbusho ya Lubumbashi, akafariki mwaka 1985 akiwa bado kijana. Leo kazi zake zinatafutwa sana, kuliko alivyotafutwa yeye mwenyewe akiwa hai.

Upande wa magharibi mambo yalikwenda kwa mkono wa Kanisa. Mwaka 1943, huko Gombe-Matadi katika Bas-Congo, frere mmoja Mbelgiji, Marc-Stanislas, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Victor Wallenda, alianzisha shule ya kuchonga. Aliiita Saint-Luc, kwa kufuata shule za sanaa za kikatoliki za Ubelgiji zenye jina hilo. Mwaka 1949 shule ikahamia Léopoldville, kisha uchoraji na ufinyanzi ukaongezwa, na mwaka 1957 ikaitwa Akademia ya Beaux-Arts. Ndiyo ile iliyoko hadi leo katika komini ya Gombe, Kinshasa.

Kati ya wanafunzi wa mwanzo wa frere huyo alikuwemo André Lufwa, aliyezaliwa 1925. Wakinshasa wengi wanaijua kazi yake hata kama hawajui jina lake: ile sanamu kubwa ya mpiga ngoma pale FIKIN. Lufwa alisoma Saint-Luc, akarudi kufundisha palepale, akaona wanafunzi wa wanafunzi wake wakiwa walimu. Aliaga dunia mwaka 2020.

Sasa tufike kwenye karatasi yenyewe, maana ndiyo inayoumiza vichwa vya wazazi. Wabelgiji hawakuharakisha kuwapa Wakongo shule za juu. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954, na kile cha serikali hapa Elisabethville kikafuata mwaka 1956. Mwaka huohuo wa 1956 Thomas Kanza alitoka Louvain na digrii yake, Mkongo wa kwanza asiye padri kuipata. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye digrii ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Katika hali hiyo, nani angepigania digrii ya kuchora? Nchi ilitafuta waganga, mahakimu, wahandisi. Kusema kweli, jibu la mzee wa leo kwa kijana wake limezaliwa pale. Digrii ilikuja Congo ikiwa chache na ghali, na kila familia ilijifunza kwamba haichezewi.

Kwa majirani ugomvi ulikuwa uleule. Chuoni Makerere, Uganda, Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, naye pia aliogopa kuwamwagia wanafunzi historia ya sanaa ya Ulaya. Alipoondoka, Cecil Todd alishika nafasi yake mwaka 1958 akageuza mambo: wanafunzi wajue sanaa ya dunia nzima, wajue sayansi ya rangi, wafanye mitihani kama wengine, na sanaa itolewe digrii. Romain-Desfossés na Moonens, Trowell na Todd, ni kama watu hao walikuwa wanajibizana bila kuonana. Tofauti ni kwamba Makerere hoja hiyo iliishia ndani ya chuo kikuu, na kwa hiyo sanaa ikapata digrii mapema. Hapa kwetu akademia mbili zilikuwa nje ya chuo kikuu, moja kusini, moja magharibi, na hazikupata bahati sawa.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, na mwaka 1981 ikavitenganisha tena. Katika mageuzi ya miaka hiyo Akademia ya Kinshasa ilipata nafasi yake kati ya shule za elimu ya juu. Mwanafunzi wa pale aliweza kufanya miaka mitatu akapata gradua, kisha miaka miwili zaidi akapata lisansi, sawasawa na mwenzake wa sheria au uchumi. Aliandika TFC mwishoni mwa gradua na memwari mwishoni mwa lisansi, akasimama mbele ya juri, akatoka na satisfaksioni, distinksioni au, kwa wachache, distinksioni kubwa. Watu wasiopita pale hufikiri mwanafunzi wa sanaa anapeleka picha tu. Hapana. Anapeleka kazi ya mikono na anapeleka maandishi, na juri linamhoji juu ya yote mawili: kwa nini shaba na si mti, kwa nini sura ile, nani alifanya hivyo kabla yake. Wengi wenye mkono mzuri hujikwaa kwenye maandishi, na wako wenye maneno matamu ambao sanamu zao hazisimami.

Shule ya sanaa ya Lubumbashi yenyewe ilibaki katika ngazi ya sekondari. Maana yake ni rahisi kueleza na ngumu kuishi. Kijana wa Katanga aliyetaka lisansi ya uchoraji alipaswa kwenda Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, katika nchi ambayo barabara na reli haziunganishi miji hiyo miwili moja kwa moja. Mji uliozaa Hangar ulimwambia mtoto wake aende kusoma mahali ambapo Hangar haikuwa. Kwa kijana wa Goma au Bukavu safari ni hiyohiyo, na wengi hawakuifanya.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa ya heshima kubwa kwa Akademia. Siasa ya otantisite ilitaka sanaa ya Kizairwa, na serikali ilinunua. Mwaka 1973 wahakiki wa sanaa kutoka nchi mbalimbali walikutana Kinshasa, na kundi la walimu na wasanii wa Akademia likajiita wasanii wa mstari wa mbele. Mmoja wao alikuwa Liyolo, mzaliwa wa Bolobo, mji wa wachonga pembe. Yeye alisomea Austria, kisha akarudi kufundisha. Shaba zake laini zilisimama katika ofisi na majumba ya wakubwa. Hapo basi diploma ilikuwa na faida inayoonekana kwa macho, kwani aliyekuwa nayo aliitwa mwalimu, na aliyeitwa mwalimu alipewa kazi na Serikali.

Wakati huohuo, hapa Lubumbashi, kulikuwa na mtu aliyechora juu ya magunia ya unga.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Hakusoma akademia yoyote. Alichora picha ambazo watu wa makambi walitundika sebuleni, na ambazo kwa Kiswahili chetu ziliitwa ukumbusho: bendera ya Colonie Belge na mfungwa anayechapwa, mamba muntu, vita vya Katanga. Picha ziliuzwa mlango kwa mlango kwa pesa kidogo, na mnunuzi alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa kompani au karani. Mwishoni mwa 1973 Tshibumba alibisha kwenye mlango wa Johannes Fabian, profesa Mjerumani wa antropolojia aliyefundisha katika kampasi ya Lubumbashi. Kutoka hapo ikaanza kazi ambayo hakuna juri lililoiagiza. Ndani ya miezi michache Tshibumba alichora historia nzima ya nchi, tangu wazee wa kale mpaka Mobutu, picha 101, na kila picha akaieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, mashine ya kurekodi ikizunguka.

Alijiita mwanahistoria. Katika picha zake Lumumba anarudi tena na tena, akihutubia, akikamatwa, akiuawa hapa Katanga mwezi wa kwanza wa 1961, wakati ambapo vitabu vya shule vilikuwa vinapita haraka juu ya habari hiyo. Fabian alitoa kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1996, na picha zikaingia katika makumbusho ya Tropenmuseum, Amsterdam. Wanafunzi wa lisansi na udaktari katika nchi nyingi wanaandika memwari juu ya mtu huyu asiyekuwa na TFC. Yeye mwenyewe hakuyaona hayo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani alipo.

Je, Tshibumba anathibitisha kwamba masomo hayana kazi? Wako wanaosema hivyo, hasa wauzaji wa picha wa Ulaya, ambao wanapenda sana habari ya fundi asiyesoma. Lakini tuangalie vizuri. Tshibumba alimtafuta profesa mwenyewe. Alitaka kuulizwa, alitaka kujadiliana, alitaka kazi yake iwekwe pamoja na isipotee sebule kwa sebule. Hayo ndiyo mambo ambayo shule ya sanaa humpa mwanafunzi wake kila wiki. Yeye aliyapata kwa miezi michache tu, tena kwa sababu mgeni mmoja alikuwa na muda na pesa kidogo.

Akademia ya Kinshasa nayo ilijifunza jambo. Mwaka 1978 maonyesho yaliyoitwa Art Partout, sanaa kila mahali, yalifanyika ndani ya kuta zake, na wachoraji wa barabarani kama Moke na Chéri Samba wakatundika kazi zao nyumbani kwa wenye diploma. Samba alikuwa mchora vibao vya maduka aliyefungua karakana yake mwaka 1975. Leo jina lake linajulikana duniani kuliko la profesa yeyote wa Akademia. Jambo hilo liliwauma baadhi ya walimu, na mtu anaweza kuwaelewa: umesoma miaka mitano, umefundisha 20, na mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Ndjili anaulizia mchora vibao.

Vijana waliokuja baadaye hawakuchagua upande mmoja. Freddy Tsimba, aliyezaliwa 1967, alimaliza uchongaji Beaux-Arts, kisha akaenda kukaa na mafundi wahunzi ili ajifunze moto na chuma, jambo ambalo darasa halikumpa. Sanamu zake za maganda ya risasi, vijiko na mapanga zimetoka katika shule zote mbili. Eddy Kamuanga Ilunga, wa 1991, aliingia Akademia kusomea uchoraji, akaona masomo yanambana, akatoka, na mwaka 2011 akaanzisha karakana pamoja na wenzake. Hata hivyo, anayeziona picha zake kubwa, zile za watu waliovaa vitambaa vizito na ngozi yenye michoro ya vyuma vya simu, anaona mkono uliofundishwa kuchora mwili.

Katika miaka hii karatasi yenyewe imebadilika. Serikali imeleta mfumo wa LMD, na neno lisansi, ambalo kwa wazazi lilikuwa na maana ya miaka mitano, sasa ni miaka mitatu, masta inafuata, halafu udaktari. Fujo si ndogo nyumbani: kaka mkubwa ana lisansi ya zamani, mdogo wake ana lisansi mpya, na mama hajui ampigie nani vigelegele zaidi.

Lubumbashi, kwa upande wake, imepata njia nyingine. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, alisoma barua na mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa kuwa lisansi ya sanaa haikuwepo mjini. Akajifunza kupiga picha, akaenda Strasbourg, Ufaransa, katika shule ya juu ya sanaa. Mwaka 2006 alitengeneza picha ambamo wafanyakazi wa zamani wa migodi, waliopigwa picha na wakoloni, wanasimama tena mbele ya magofu ya Gécamines ya leo. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Picha, shirika lililoleta Biennale ya Lubumbashi, na vijana wa Kenya, Kamalondo na Katuba wakaanza kupata warsha na walimu bila kupanda ndege. Mwaka 2019 Baloji aliandikishwa kufanya udaktari wa sanaa huko Antwerp, Ubelgiji, katika shule inayoitwa Sint Lucas. Ni jina lilelile ambalo frere Marc-Stanislas alilileta Gombe-Matadi mwaka 1943, na somo alilolipeleka Baloji ni kumbukumbu za Waluba na shaba ya Katanga.